Mstari wa Mwisho kwenye Jiwe la Sardela

Dugavala, 14 Januari 1935

Wifi yangu Mandalina,

Pokea salamu nyingi kama mawe ya kisiwa hiki, na zikikulemea mgawie mumeo abebe nusu. Sisi wazima. Goti langu huuma upepo wa bura ukishuka mlimani, lakini ulimi haujashikwa na ugonjwa bado, utaona mwenyewe. Mbuzi kazaa mapacha. Zeituni zimetoa mafuta ya kutosha, ingawa jirani yangu Tonka anasema yake ni mazuri zaidi. Mwache aseme. Mdomo ni wake, mafuta mazuri ni yangu.

Sasa kaa kitako. Umekaa? Ita kila aliye nyumbani mwako, kila mtu, na barua hii isome kwa sauti, usiisome moyoni kama mtawa. Haya.

Vicko wangu amepewa Jiwe!

Naam. Halmashauri ya kijiji imekubali hatimaye kuweka jiwe la ukumbusho gatini kwa ajili ya wanaume wa Sardela. Waashi sita walilitaka, wenye ndevu na wajukuu, na aliyepewa ni mwanangu ambaye ndevu zake hata paka angeziramba zikaisha. Miaka ishirini! Mzee Zorzi, aliyemfundisha kazi, alisimama mbele ya watu wote akasema, "Mimi mkono wangu unatetemeka. Wa huyu kijana hautetemeki. Msinipigie kelele." Nikamwangalia Tonka. Alikuwa anatafuta kitu sakafuni.

Afisa kutoka mjini alikuja kutuvunja moyo. Akasema serikali haiwezi kutoa hata senti, maana hao walikuwa wanamaji wa Kaisari wa Austria, na Kaisari ameshapita. Mzee Zorzi akamjibu, "Bwana, walikuwa watoto wa mama zao. Kaisari hakumnyonyesha hata mmoja." Afisa akanywa divai yetu akarudi zake.

Elvira wako aliuliza katika barua ya Krismasi nyambizi ni kitu gani. Mwambie hivi. Ni chombo cha chuma kinachokwenda chini ya maji na watu ndani. Siku zile zilikuwa chache duniani, na hiyo yetu ilikuwa ndogo, fupi kuliko kanisa letu, ikiletwa hapa ghubani kufanya mazoezi kwa sababu maji yetu ni tulivu na yana kina. Wanaume walibanwa humo kama samaki kwenye pipa la chumvi, ndiyo maana tukaiita Sardela, dagaa wa chumvi. Ilikwenda kwa petroli. Bartul wangu, aliyekuwa mwashi kabla hawajamchukua jeshini, alikuwa anatoka humo macho mekundu, anayumba kama mlevi, na hajaonja tone. Ni mvuke ule. Walikuwa na panya weupe wawili kwenye kitundu. Panya akilala chali, watu wafungue kifuniko upesi. Bartul alimwita mmoja Mandalina, kwa sababu hakuacha kuguguna.

Walikuwa wanaijaribu, wifi. Na waliojaribiwa ni wanaume wetu. Mwezi wa Mei, mwaka ule wa kumi na nne, siku isiyo na wimbi, ikazama pale mbele ya Rasi kama kila siku, na haikuibuka. Sisi wake tulikuwa gatini na vikapu vya chakula cha mchana. Yakapanda mafuta, ikapanda kofia moja, si ya Bartul wangu. Kisha vita vikaja na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutuulizia. Vicko alizaliwa Oktoba.

Mlangoni nimeweka ubao mpya, ule wa zamani ulioza. Mwalimu mgeni alijikwaa akaniuliza, "Mama, kijiji kizima kina vizingiti vya mawe, wewe mama wa mwashi unakanyaga ubao?" Nikamjibu kwamba kizingiti changu kipo uani, Bartul alikianza akachukuliwa kabla hajakimaliza, na hapa kwetu jiwe lililoanzwa na mwashi haliguswi na mkono mwingine maadamu yeye yu hai. Mwalimu akageuka akatazama kule Rasi. Watu wa shule hawana adabu hata wakinyamaza.

Mko wangapi mezani siku hizi? Hujawahi kuniambia vizuri.

Wako anayekupenda na kukushinda kwa kila kitu,
Perina


Punta Arenas, 10 Machi 1935

Wifi Perina, mama wa mwashi mkuu wa dunia na vitongoji vyake,

Salamu zako nimezibeba mwenyewe, mume wangu mgongo haumruhusu. Tunaendelea. Upepo wa huku ungeupa bura wenu mafunzo. Juzi uling'oa bati la zizi tukalikuta kwa jirani, naye akasema ameliokota kwa hiyo ni lake. Kondoo wamenyolewa. Elvira anashona nguo za watu na ana mchumba, ila mume wangu hajaambiwa.

Barua nimeisoma kwa sauti kama ulivyoamuru. Wahenga walisema chema chajiuza. Wewe chako unakitembeza mpaka Chile! Lakini nakuambia kweli, nilipofika pale Mzee Zorzi aliposema mkono wa Vicko hautetemeki, nilisoma mara mbili. Mpe mwanangu busu la shangazi, kwenye paji la uso, hata akikimbia.

Kuhusu panya, kaka yangu alikuwa na bahati kwamba bahari iko katikati yetu.

Sasa wifi. Umenieleza ndevu za mwanao, mafuta ya zeituni, afisa, mwalimu, Tonka na sakafu. Hukunieleza jina la Bartul litakaa mstari wa ngapi. Nieleze.

Herufi zangu ni kubwa safari hii kwa sababu nimebadilisha kalamu. Kalamu za huku ni mbaya.

Mezani tuko watatu, na paka.

Mandalina


Dugavala, 5 Mei 1935

Wifi yangu mpendwa, mwenye kalamu nene,

Majira ya kuchipua yamefika, mlima mzima unanuka asali. Tunakula mboga za majani na viazi kila siku, na siku ya Pasaka tulichinja mmoja wa wale mapacha wa mbuzi. Padri Jure amepata meno mapya na sasa mahubiri yamekuwa marefu. Mimi niko salama, goti nalo liko salama ila halitaki kupiga magoti, na Mungu anajua sababu.

Sasa Jiwe. Ungeliona! Limetoka machimbo ya juu, jeupe lisilo na mshipa hata mmoja. Vicko alilipiga kwa nyundo ndogo akaweka sikio, likalia kama kengele. Jiwe lenye ufa ndani halilii, linakohoa. Wanaume wanane walilishusha kwa magogo na kamba, na Vicko mbele anawaamuru, "Taratibu! Taratibu, wajomba! Si gunia la viazi hilo!" Wajomba, akiwaambia watu wenye umri wa baba yake, nao wakamtii. Nilikuwa nimesimama nimevaa leso yangu ya Jumapili, siku ya Jumanne. Tonka akaniuliza, "Perina, kuna arusi?" Nikamwambia, "Kwangu kila siku kuna arusi."

Juu amechonga ile nyambizi yenyewe, Sardela, nusu imetoka majini, na hukuti wimbi hata moja alilochonga. Ameacha jiwe liwe bahari. Nilimuuliza, "Mbona hukuweka mawimbi?" Akasema, "Mama, uliniambia siku hiyo hapakuwa na mawimbi." Umeona? Mtoto niliyembeba tumboni siku hiyo ananikumbusha mimi! Mweleze kila mtu hapo nyumbani. Waambie ana mabega ya babake na anapofikiri huuma mdomo wa chini upande wa kushoto, vilevile, ingawa hakuna aliyemwonyesha.

Nimekutumia kifurushi. Kuna tini kavu, na soksi za sufi nilizofuma mwenyewe: zako, za Elvira, za mumeo, na jozi moja kubwa ya ziada. Huwezi kujua mguu gani utahitaji.

Kuhusu lile uliloniuliza, nitakujibu vizuri. Sasa hivi nina mkate tanuruni.

Perina


Punta Arenas, 30 Juni 1935

Wifi Perina,

Tumeipokea baridi kwa soksi zako, Mungu akubariki mikono. Tini zimeliwa na Elvira pamoja na yule mchumba, ambaye sasa mume wangu anamjua na wanacheza karata. Tuna theluji mpaka dirishani.

Soksi zile kubwa ni za nani? Mume wangu ana miguu ya kuku. Amezivaa zote mbili mguu mmoja na bado zinamvuka. Nimezikunja nikaziweka sandukuni.

Mkate wako haujaiva tu tangu Mei?

Luka, mpwa wa Mzee Zorzi, anayefanya kazi hapa bandarini, amepata barua ya kwao. Ameniambia majina yote yamechongwa na mstari wa mwisho uko mtupu. Anasema Vicko hawezi kuuchonga kwa kuwa mwashi hachongi jina la damu yake, hilo nalijua, mimi pia ni mtoto wa machimbo. Na anasema Mzee Zorzi yuko tayari na patasi yake, ila mwenye nyumba hajaleta maji. Hilo pia nalijua. Bila maji ya mwenye nyumba kulowesha jiwe, jina halichongwi. Mwenye nyumba ni wewe, Perina.

Wifi, wewe una ua wa nyumba yake, una kitanda chake, una mwanawe wa kumwona akiuma mdomo. Mimi nina bahari, na siyo ile bahari. Niliondoka hapo nikiwa msichana na sijarudi, wala sidhani nitarudi. Nataka kujua kwamba kuna mahali kaka yangu ameandikwa. Ni hilo tu. Nimekuwa nikikuuliza kwa utani muda mrefu, leo nakuuliza bila utani.

Usiniulize habari ya herufi. Ni taa, ina moshi.

Mandalina


Dugavala, 22 Agosti 1935

Wifi Mandalina,

Salamu. Sote wazima. Joto ni kali, visima vimeshuka, zabibu zitakuwa tamu. Najua nimechelewa kukujibu. Barua yako imekaa nyuma ya picha ya Bikira tangu ilipofika, na kila nikiwasha mshumaa wanaonitazama ni wawili.

Nitakuambia, lakini niache niende polepole, mimi nimesoma madarasa matatu tu kwa masista na haya hayakufundishwa.

Wiki iliyopita Vicko alirudi kutoka gatini, akanawa vumbi, akakaa. Nikamwekea chakula. Hakula. Akasema, "Mama, nimechonga majina ya baba za watu tangu majira ya kuchipua. Wana wao wanakuja, wanapitisha mkono juu yake, wananishukuru. Wakimaliza wanatazama pale chini, halafu wananitazama mimi. Niwaambie nini?"

Nikasema, "Waambie mama yako ana kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi."

Akaondoka, wifi. Mtoto ambaye hajawahi kunigeuzia mgongo. Amekwenda kulala kwa Mzee Zorzi na mpaka leo anakuja mchana tu, ananisalimia kama mgeni, "Shikamoo mama, umeamkaje," anajaza maji mtungini na kuondoka. Sijisifu leo, unaona.

Na Tonka naye, kisimani, mbele ya wanawake, akasema, "Huenda Perina anajua asichotuambia. Huenda Bartul aliikimbia ile Sardela, saa hizi yuko Chile kwa dada yake, anachunga kondoo na kunenepa." Wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote mpaka ndoo ikanimwagikia.

Wifi, mimi ndivyo ninavyofikiri.

Sasa nimeandika. Tangu mwaka ule, ndivyo ninavyofikiri. Wiki ile ya mwisho alikaa mezani akasema hawezi tena mvuke ule, kichwa kinampasuka, na angepata meli angekwenda kwako Chile akajenge nyumba za mawe kwa watu wa nyumba za mbao. Akasema, "Kisha nitakuita." Nikamwambia kula, chakula kinapoa. Na kapteni mmoja wa meli ya mizigo aliapa kwamba alimwona Trieste, mwaka wa vita, mtu anayetembea kama anavuka mfereji kila hatua. Nani mwingine hutembea hivyo? Nikajiambia labda aliikimbia, labda anaogopa jeshi, labda jeshi limekwisha lakini sasa anaona aibu. Na dada yake anamficha, ndugu hufichana. Nikangoja neno likuponyoke.

Ulidhani najisifu kwako kwa ajili yako? Kila nilichokuandikia juu ya Vicko, jino la kwanza, siku aliyobeba msalaba kanisani, jiwe lake la kwanza alilochonga likatoka kombo, yote, nilikuandikia usome kwa sauti ili yeye, kama yupo hapo mezani, kichwa ameinamisha, asikie ana mtoto wa namna gani. Nilidhani akisikia vya kutosha atakuja.

Na soksi zile ni zake.

Jiwe litafunuliwa siku ya Mtakatifu Nikola, tarehe sita Desemba. Nikipeleka maji, basi ni mimi niliyemfungia mlango. Siwezi kumfungia mtu ambaye huenda yuko njiani. Kwa hiyo nakuuliza, na wewe usinionee huruma. Yupo? Kama yupo, sitamkasirikia. Mwambie mlango una ubao tu, unafunguka kwa kusukumwa.

Ni mimi, mke wa kaka yako,
Perina


Punta Arenas, 11 Oktoba 1935

Hayupo.

Mkaza mjomba, mkono huu ni wangu mimi Elvira, maneno ni ya mama. Ameniambia niandike neno hilo kwanza, kabla ya salamu, nawe umsamehe kwa kukosa adabu. Sasa anaendelea:

Hayupo, Perina. Hakuwahi kuwepo, hata siku moja. Ningekuwa naye ningekuletea mwenyewe nimemshika sikio, na jeshi lote la Kaisari lisingeniweza. Mara ya mwisho kumwona ni siku aliyobeba sanduku langu mpaka melini akasema, "Nenda, mawe hayakimbii, utatukuta."

Unadhani ni wewe peke yako? Kila meli iliyotoka Trieste au Genova ilipotia nanga hapa nilishuka bandarini. Sikutazama nyuso. Nilisimama chini ya ngazi nikatazama miguu ya wanaume, nikitafuta anayevuka mfereji. Mume wangu alidhani nanunua samaki. Niliacha mwaka Elvira alipopokea komunyo ya kwanza, kwa sababu siku ile meli ilikuwepo na mimi nilikuwa kanisani, na nikagundua sikuwa nimeikumbuka. Nililia na watu wakasema ni furaha ya mama.

Na barua zako, wifi. Uliposema soma kwa sauti, nilisoma kwa sauti. Zote. Hapa mezani, tukiwa watatu na paka, na nilikuwa nawanyamazisha wengine ili nisome vizuri. Sikujua nasoma kwa ajili ya nani ila nilikuwa napandisha sauti kama kuna mtu chumba cha pili. Kwa hiyo ujue, kama kuna mahali popote marehemu husikia, Bartul amesikia lile jino, amesikia msalaba, amesikia hata lile jiwe lililotoka kombo. Hakuna ulichosema kilichopotea.

Mpelekee maji. Usione kama unamfungia mlango. Mtoto wenu amesimama nje na chakula chake kinapoa.

Macho yangu yameota mtoto wa jicho, yote mawili. Si kalamu, wala si taa. Sikukuambia kwa sababu ungetuma dawa ya mizizi yenye harufu na maelezo ya kurasa nne. Siku hizi barua zako anazisoma Elvira. Ana sauti nzuri kuliko yangu ila hupita mbio mahali pa kulia, inabidi nimwambie asimame.

Pokea sasa salamu zilizotakiwa kuja mwanzo. Tu wazima. Upepo unavuma.

Mandalina


Dugavala, 9 Desemba 1935

Wifi yangu, macho yangu ya Chile,

Salamu kutoka kwa kila mtu, hata Tonka, na ninakuandikia nimekaa nje, jua la baridi linanipiga usoni, na utajua baadaye nimekalia nini. Mama huyu anajisifu leo. Mwambie Elvira asimame pale pa kusimama.

Meli ya barua ilizuiwa na bura siku tatu kule bara. Ilifika asubuhi ya tarehe tano. Nilikuwa gatini tangu alfajiri na mtu wa posta aliponipa bahasha sikuweza kuifungua, nikampa yeye aifungue, akafungua akanirudishia bila kutazama, kijana mwema. Neno lilikuwa la kwanza. Umefanya vizuri kuliweka la kwanza. Nilikaa juu ya gogo la kufungia kamba nikasoma yaliyobaki, na pale uliposema ulikuwa unatazama miguu, nililia mpaka yule kijana wa posta akaenda kumwita Padri.

Kisha nikainuka nikaenda nyumbani. Nikachukua ule mtungi mdogo alioninunulia Bartul, wenye mkono uliovunjika, nikateka maji kisimani. Wanawake walikuwepo. Tonka alikuwepo. Wakanipisha. Nilipojitwisha, Tonka alinishika kiwiko kwa sababu ya goti langu, tukashuka mpaka gatini hivyo, yeye na mimi, na hatukutukanana hata mara moja, nadhani ni mara ya kwanza tangu tubatizwe.

Mzee Zorzi alikuwa anapanga turubai la kufunika. Akaniona. Akaweka turubai chini.

"Umechelewa, binti yangu," akasema.

"Nilikuwa nauliza njia, mzee."

"Umejibiwa?"

"Nimejibiwa."

Akatoa patasi. Mkono ulikuwa unatetemeka kama alivyosema mwenyewe, lakini ncha ya patasi ilipogusa jiwe, wifi, mtetemeko ukaisha, kama mtu aliyenyamazisha mbwa. Nilimwaga maji kwa kiganja. Jiwe lililowa likawa la kijivu, kisha akaanza. Vicko alikuwepo. Sheria ni kwamba damu haichongi wala haitazami, basi alisimama ametupa mgongo, anatazama Rasi. Kila nyundo ilipopiga bega lake liliruka kidogo. Nami nikajikuta nahesabu herufi kwa mabega ya mwanangu, bila kutazama jiwe. Zilipokwisha nilijua kwake yeye, kwa sababu alishusha pumzi.

Aligeuka. Akauma mdomo, upande wa kushoto. Akasema, "Mama, una njaa?"

Nikasema, "Nimekuwekea chakula tangu Agosti."

Kesho yake kufunuliwa! Sasa niache. Mashua ishirini na kitu zilikwenda mpaka mbele ya Rasi, kengele zikapigwa, wanaume waliimba kwa sauti nne na hakuna aliyekosea ila yule mpwa wa Padri. Yule afisa wa mjini alikuja, hakualikwa, akajisimamia nyuma. Turubai lilipoanguka akavua kofia. Kofia ya serikali, wifi! Akamwendea Vicko akamuuliza, "Nani alikufundisha kuacha jiwe liwe bahari?" Mwanangu akajibu, "Mama yangu aliiona." Nilisikia kwa masikio haya mawili, na Tonka pia alisikia, muulize. Kisha mwalimu mgeni alisoma majina yote kwa sauti, na la Bartul likasomwa la mwisho, kwa hiyo ndilo lililobaki hewani.

Sasa nikuambie nimekalia nini.

Baada ya misa Vicko aliniuliza, "Mama, na cha uani?" Nikamwambia, sasa kinaruhusiwa. Tukakitoa kwenye majani. Kizingiti, wifi! Nusu yake Bartul aliilainisha kabisa, kama mkate uliopakwa mafuta, halafu katikati anaishia, na alama ya patasi yake ya mwisho ipo, nyembamba, inaelekea kushoto. Vicko alikipiga nyundo kwanza, akaweka sikio. Kikalia. Miaka yote hiyo ya mvua na kikalia! Akaanzia pale pale babake alipoishia. Alifanya kazi jana na leo asubuhi, na alikuwa ananiita, "Njoo uone, yeye alipiga hivi, mimi napiga hivi." Utaona tofauti ukiinama. Mkono wa baba ni mzito kidogo, wa mtoto una haraka. Lakini mahali walipokutana hapana kiungo, ni jiwe moja.

Ubao tumeupasua tukachomea samaki.

Sasa nikisimama mlangoni, mguu mmoja uko kwa Bartul na mmoja uko kwa Vicko. Nimesimama mara nyingi tangu asubuhi. Nimeingia na kutoka bila sababu. Majirani wanadhani natafuta mbuzi.

Nakutumia kifurushi. Usiogope uzito. Mzee Zorzi mwenyewe alikichonga, nami nilileta maji mara ya pili. Mwambie Elvira asikusomee kilichoandikwa. Akupe mkononi tu.

Zile soksi mpe mchumba wa Elvira. Luka aliandika kwamba ana miguu mikubwa.

Mke wa kaka yako, mama wa mwashi,
Perina


Punta Arenas, 18 Februari 1936

Mkaza mjomba, naandika tena mimi, Elvira. Mama yuko hapa pembeni, tu wazima, kondoo wananyolewa, na soksi zimemkaa mchumba wangu kama zilifumwa kwa ajili yake.

Kifurushi kilifika jana. Nilifanya ulivyosema, nikampa mkononi bila neno. Alikaa nacho magotini. Alipapasa pembe kwanza, akasema, "Ni jiwe la machimbo ya juu, la kwetu." Kisha kidole kikaingia kwenye herufi ya kwanza, kikasimama. Baba akataka kumsaidia, mama akampiga mkono. Alikwenda herufi kwa herufi mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akaenda tena. Alipomaliza alisema, "Ni yeye. Mzee Zorzi amezama vizuri kwenye R." Kisha akaniambia nichukue kalamu. Haya ni maneno yake:

Perina, nimemsoma kaka yangu. Sikuhitaji miwani, wala mtu wa kunisomea. Analala kwenye meza ya kitanda, na asubuhi nampitishia kidole kabla ya chai.

Sasa sikiliza. Barua yako ya Desemba tumeisoma kwa sauti, mara tatu, na Elvira amejifunza mahali pa kusimama. Usije ukadhani kwa kuwa hayupo basi utaacha. Mtoto huyo ataoa, atachonga, watu watavua kofia, na mimi nataka kuyasikia yote, pamoja na Tonka na sakafu. Jisifu, wifi. Nyumba hii imezoea.

Mandalina